Mkono Wako Haukuziua Kangaga

Geita, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kabula, mayu, mama yangu,

Nakuandikia huku nakusikia. Uko hapo uani na shangazi yako mnakaanga karanga za safari, na kila mara unacheka kile kicheko cha kukoroma ulichokirithi kwangu, pole sana. Umepita hapa mara mbili ukaniuliza naandika nini, nikakujibu ni orodha ya majembe ya kazini. Nimekudanganya. Lakini huo ni uongo wa kuisha leo leo, maana jua likizama mama yako atakupa karatasi hizi mkononi. Mimi nilitaka uzisome kesho ndani ya lori la pamba, nikiwa mbali. Mama yako amekataa. Amesema nitakuwepo hapa hapa nyumbani, na nitakaa.

Mambo ya sabuni, blanketi, kumwamkia matroni wa hospitali na kutotembea peke yako jioni, mama yako amekufundisha mpaka nyumba nzima tumeyakariri. Mimi sina la kuongeza huko. Nina jambo moja, na nitalisema mwanzo kwa sababu najijua, nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka wino uishe. Mkono wako hauna moto. Haujawahi kuwa nao. Kangaga za bustani ya Memsabu niliziua mimi baba yako, kwa mikono yangu hii miwili, kisha nikakusingizia wewe, mtoto wa miaka kumi na mbili.

Miaka sita umetembea na neno hilo: Kabula ana mkono wa moto, akigusa mbegu haioti, akishika mche unakauka. Ulilisikia mara ya kwanza likitoka kinywani mwangu, na kwa kuwa mimi ni baba yako uliliamini. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi mama yako alinikuta nanoa panga. Akaniuliza, "Unajua mwanao atamwomba nini matroni akifika?"

Nikasema sijui.

"Atamwomba apewe kazi ya kufua mashuka na kuosha vyombo. Wodi ya wazazi hataki kuingia. Anasema, mama, mikono yangu hii si ya kupokea watoto."

Niliendelea kunoa. Nilinoa upande ule ule mmoja mpaka mama yako akaninyang'anya tupa. Hapo ndipo nilipomwambia. Hakupiga kelele. Unamjua mama yako, kelele zake ni za chumvi na kuku. Jambo likiwa zito hunyamaza. Alikaa chini, akavua kilemba, akakivaa tena. Kisha akasema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utatia mzaha katikati, mtoto atacheka, na jambo litapita. Andika, aende nayo." Siku tatu nimetafuta visingizio vya kutoandika. Leo vimekwisha.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo, na yapo mambo hukuyaona.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tutoke Shinyanga. Kwetu ni mbuga, ng'ombe na vumbi. Mmea wa kivulini hatukuujua. Mche ukijiotea kivulini tuliung'oa tukaupeleka juani ukapate nguvu. Yule bwana Mzungu wa mitambo ya mgodini alinichukua kazi ya bustani kwa sababu aliponiuliza kama najua kulima nilicheka. Msukuma kuulizwa kama anajua kulima. Kicheko kile ndicho kilichonipa kazi, na ndicho kilichoniponza.

Memsabu wake alikuwa mpole, na Kiswahili chake alikijenga tofali moja moja. Alitaka bustani nyuma ya nyumba, chini ya ule mkuyu, mahali ambapo jua halifiki na ardhi haikauki. Hakutaka waridi. Alitaka ule mmea wa makorongoni usio na ua wala tunda, wenye majani kama manyoya ya jogoo na machipukizi yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Sisi hatukuwa na jina lake. Mpishi wake, Baba Shija, aliyewahi kufanya kazi pwani, ndiye aliyetuambia unaitwa kangaga.

Memsabu alinieleza taratibu, kwa vidole. "Hapana jua. Hapana samadi. Hapana zika shingo. Majani ya kuoza tu, na maji kidogo kidogo." Nikasema ndiyo, Memsabu, ndiyo, Memsabu. Moyoni nikasema, huyu hajawahi kushika jembe. Ni kitu gani duniani kinachokataa samadi? Baba yangu alikuwa akimpima mtu kwa ukubwa wa lundo la samadi nyuma ya zizi lake, na mimi nilikua nikijua kwamba mkulima hana dawa nyingine.

Tukaenda korongoni wewe na mimi. Ulichuchumaa penye majimaji, ukafukua majani yaliyooza kwa kidole, ukaniuliza, "Baba, hizi za huku nani anazitilia samadi?" Nikakwambia acha maswali, jaza kikapu. Swali hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko sala zangu.

Memsabu akaenda Mwanza kutibiwa meno, wiki tatu nzima, nami nikapanda anavyopanda mtu wa kwetu. Nikainua matuta marefu yaliyonyooka, hata wapita njia wakayasifu. Nikatia samadi mbichi ya zizini, debe kwa debe. Nikazika kila kangaga mpaka shingoni kama marando ya viazi. Halafu nikapanda juu ya mkuyu na panga nikakata matawi matatu, maana nilizionea huruma kukaa gizani.

Wiki ya kwanza zikanywea. Ya pili zikawa rangi ya tumbaku. Nikaongeza samadi. Zilibaki chache, nikazigeuza majani nikaona chini yake madoa ya kahawia yamejipanga mistari. Nikasema, ahaa, kumbe ni upele. Nikachukua kitambaa na majivu nikayasugua jani kwa jani, kwa subira, kama mama anayemwogesha mtoto. Baadaye sana Memsabu aliniambia kwamba yale madoa ndiyo mbegu zake. Kwa hiyo nilizichoma miguu, nikazinyonga shingo, na zilizopona nikazinyang'anya watoto.

Memsabu aliporudi alikuja moja kwa moja bustanini, hata kofia hajavua. Wewe ulikuwa umesimama pembeni na ndoo ya maji. Baba Shija alikuwa mlangoni mwa jiko anachambua mchele. Memsabu akauliza, "Nini imetokea hapa?"

Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingekuwa nafuu. Lakini niliona kazi inaondoka, nikaona tunarudi Shinyanga na mizigo kichwani, na ndugu zangu wananicheka: alikwenda kwa Wazungu akashindwa kupanda majani. Nikakutazama. Nikasema, "Ni huyu mtoto, Memsabu. Ana mkono wa moto. Alizigusa zote."

Uliweka ndoo chini ukatazama viganja vyako, kimoja, halafu cha pili.

Memsabu hata hakukasirika. Alisema, "Pole, tutajaribu tena," akaingia ndani kunywa chai. Niliyemdanganya hakuwa na haja na uongo wangu. Lakini Baba Shija alikuwa amesikia, jioni mkewe akawa amesikia, na Mama Shija akisikia, kambi yote ya wafanyakazi imesikia.

Mayu, huko uendako utakosea. Utamwaga dawa, utachanganya majina ya wagonjwa, utasinzia zamu. Sikuombei usikosee, maana hiyo si dua ya kweli. Nakuomba siku hiyo useme saa ile ile, kabla macho yako hayajaanza kumtafuta aliyesimama pembeni na ndoo. Yangu yalichukua muda mfupi sana kukupata.

Mvua za kwanza zilipokuja, wanawake wakapanga mstari kupanda mtama kama kawaida, mmoja anachimba, mwenzake anatia mbegu. Ulipokinyooshea mkono kibuyu cha mbegu, Mama Shija akakiwahi. Akasema kwa upole kabisa, "Wewe Kabula chimba tu, mama. Mbegu watatia wenzako." Tangu siku ile unachimba. Umechimba mashamba ya watu na shamba letu, miaka sita, na mbegu hata moja haikupita mkononi mwako. Shambani kwetu ningeweza kukupa kibuyu. Sikukupa, kwa sababu watu wangeona, na wakiona wangeuliza.

Kisha Mama Shija akajifungua yule wa pili. Siku moja alikuja kwetu, mtoto analia, ukambeba mgongoni ukamzungusha uani mpaka akanyamaza. Mama Shija akatoka jikoni akakuona. "Lete, mwanangu, nadhani ana homa kidogo," akamfungua kwenye kanga polepole, akakushukuru. Hakuwa na homa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda namenya karanga. Ulinitazama. Ulisubiri niseme kitu, Kabula, nilikuona unasubiri. Nikamenya karanga.

Na ile siku tunatoka mnadani kwa miguu, baada ya kuuza yule fahali mkorofi, unaikumbuka? Ulikuwa na miaka kama kumi na mitano. Barabara ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu. Ukaniuliza, "Baba, mkono wa moto huwa unapoa?" Ilikuwa nafasi yangu, sitapata nyingine nzuri kama ile. Nikakujibu, "Hupoa wenyewe, mtu akikua." Ukashukuru. Mama yako ameniambia juzi kwamba tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, unachovya mikono kwenye maji ya mtungi na kuhesabu mpaka ishirini. Mimi nilidhani unapenda usafi.

Utauliza kwa nini sikusema hofu ilipokwisha. Nami nimejiuliza. Mwaka wa kwanza niliogopa kazi. Mwaka wa pili sikuwa na la kuogopa, nilikuwa nimezoea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sita, tena ilikuwa tambarare. Maana bustani ile ilistawi. Chini ya mkuyu pakawa na kangaga tele, zimefunika mpaka ukuta wa mawe, wageni wa Bwana wakawa wanaletwa kuzitazama. Wakanifanya nyampara wa bustani. Huku kambini mtu akitaka kupanda mchungwa ananiita niushike mche kwanza, eti mkono wa Nyampara ni wa baridi. Nilikwenda. Niliushika. Nilikunywa pombe yao, nikarudi nyumbani nimepinda kofia. Nilipenda kuitwa hivyo, mwanangu. Kuna sababu nyingine nyingi ningeweza kuzipamba, lakini ya kweli ni hiyo.

Leo asubuhi tulipotoka kanisani nilikwenda kwa Mama Shija. Nilimwambia yote nimesimama. Alikuwa anapepeta mtama, ungo ukasimama hewani.

"Nyampara," akasema, "mimi nilimtoa mwanangu mgongoni mwa yule mtoto."

Nikasema, "Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo ukanyamaza."

"Nilikuwepo nikanyamaza."

Hakunikaribisha kiti, nami sikukistahili. Ameniambia atakuja kukuaga kesho alfajiri. Akilia, mwache alie, si kazi yako kumbembeleza. Wala usimchukie sana. Mtu akimsikia mzazi anamsema mwanawe vile, atadhani nani anajua zaidi? Nilimwambia pia kwamba awaambie wengine, awaambie wote, na kwa hilo Mama Shija hahitaji msaada. Kufikia saa hizi nadhani nimeshapoteza mialiko yangu yote ya michungwa. Nimepita kisimani nikaamkia, "Mhola," na waliojibu ni nusu.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeisoma barua tangu juu, nikaona bado nimejificha ndani yake. Nimeandika kwamba bustani ilistawi, kana kwamba ilistawi yenyewe. Mama yako hili hajui. Nalisema kwako kwanza.

Siku ile tulipotoka korongoni ilibaki kikapuni miche minne, midogo, dhaifu. Nikakwambia uitupe. Hukuitupa. Uliipeleka nyuma ya tangi la maji la Memsabu, pale yanapodondoka mchana kutwa, ukaipanda katikati ya mawe, kwenye majani yaliyooza, shingo zikiwa nje, bila samadi, vile vile ulivyoiona kwao. Nilikuona nikadhani ni mchezo wa kitoto. Baada ya Memsabu kurudi nikakukataza usikanyage tena pale kwake. Siku chache baadaye ulitoroka ukaenda kuitazama miche yako, ukakuta mashimo manne. Ukanijia unakimbia. Nikakwambia ilikufa yote, nimeing'oa nikaitupa. Ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi. Nadhani ni siku hiyo, wala si ile ya Memsabu, uliyoamini kabisa kwamba mkono wako unaua.

Haikuwa imekufa. Kila mmoja ulikuwa umefungua jani jipya. Niliing'oa asubuhi ile pamoja na udongo wake na mawe yake, nikaihamishia chini ya mkuyu, nikaipanda kwa kuigiza ulivyoipanda wewe, nikamwambia Memsabu ni kazi yangu. Kangaga zote zinazoonyeshwa wageni ni uzao wa ile minne. Unyampara wangu umetoka humo. Ule mkono wa baridi walioukaribisha watu wa kambi nzima miaka yote hii, Kabula, ulikuwa wako. Mimi nilikuwa nauazima bila kukuambia, na huku nyumbani nikikuacha uuogope.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kuja kunifokea, nipo hapa, sitatoka. Ukiona vema kupanda lori bila kuniaga, panda. Nitasimama nyuma ya wenzangu nikuone tu.

Ila matroni akikuuliza unataka kazi gani, usimtajie mashuka. Ingia wodini. Wakikupa mtoto, mpokee.

Mimi baba yako